Alitoka Peke Yake, Hakuvunja Nyumba

Mpenzi msomaji, kama uliitazama filamu ya Bohemian Rhapsody ya mwaka 2018, bila shaka unakumbuka pale Freddie Mercury anapowaambia wenzake wa Queen kwamba amesaini mkataba wa kutoa albamu peke yake. Wenzake wananuna, maneno makali yanatoka, bendi inasambaratika. Baadaye jamaa anarudi mpole kuomba radhi, kama mume aliyetoroka nyumbani. Nakumbuka ukumbi mzima ulikaa kimya, na dada mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti, "Unaona sasa! Si alikuwa na watu wake?"

Lakini filamu ni filamu. Albamu yenyewe ipo, inaitwa Mr. Bad Guy, na mwaka huu nimekaa nayo kwenye santuri kwa miezi mingi kuliko nilivyotarajia. Nimesikiliza toleo la zamani, nimesikiliza toleo jipya, nimesoma jalada mbele na nyuma. Nakwambia, hadithi iliyomo ni tofauti kabisa na ile ya kwenye filamu. Na kwa sisi tunaoandika kurasa za mahusiano, hii ya kweli ina faida zaidi.

TUWEKE TAREHE MEZANI

Mpiga ngoma wa Queen, Roger Taylor, alitoa albamu yake mwenyewe, Fun in Space, mwaka 1981. Mpiga gitaa Brian May akafuata na Star Fleet Project mwaka 1983. Freddie, yule tunayeonyeshwa kuwa ndiye aliyeanza kutoroka, alikuwa wa tatu kwenye foleni!

Mr. Bad Guy ilitoka Uingereza tarehe 29 Aprili 1985. Wiki hiyo Freddie na wenzake walikuwa Sydney, Australia, wakipanda jukwaa moja kwenye ziara ya Queen. Katikati ya Mei wakaimaliza ziara mjini Osaka, Japani. Tarehe 13 Julai wakapanda jukwaa la Live Aid pale Wembley, dakika ishirini hivi ambazo watu wanazizungumzia hadi leo. Sasa niambie, hapo nani aliachana na nani?

Ushahidi mwingine uko kwenye maandishi ya shukrani ya santuri yenyewe. Freddie anawashukuru Brian, Roger na John (Deacon, mpiga besi) kwa kutoingilia kazi yake. Ni utani, lakini ni utani wa mtu aliyeaga nyumbani vizuri. Kisha anaitoa albamu kwa paka wake Jerry, halafu paka wengine, Tom, Oscar na Tiffany, na wapenda paka wote ulimwenguni. Sisi wengine tuliobaki anatuambia twende zetu, tena kwa lugha ambayo mhariri mwenye adabu hawezi kuichapa hapa.

MTOTO WA UNGUJA

Kwa wasomaji wetu wadogo: huyu ni mtoto wa hapa hapa. Alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, familia ya Kiparsi. Baba yake, Bomi, alikuwa karani wa fedha katika serikali ya kikoloni. Akiwa mdogo alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, na huko ndiko alikoanza kuitwa Freddie. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ilihamia Feltham, pembezoni mwa London. Ukienda Shangani leo utakuta jumba la makumbusho lenye jina lake, lililofunguliwa Novemba 2019.

Kwa hiyo huyu ni mtu aliyezoea kuondoka tangu utotoni. Alihama visiwa, akahama bara, akahama hata jina. Ndiyo maana nadhani tunapaswa kumsikiliza kwa makini anapoimba habari ya kuishi peke yake.

NDANI YA SANTURI

Kazi ilifanyika Munich, Ujerumani, katika studio ya Musicland, kwa vipindi vipindi kuanzia mwaka 1983. Studio hiyo ilikuwa chini kabisa ya jengo refu la hoteli ya Arabella. Mtayarishaji mwenzake alikuwa Reinhold Mack, yule yule aliyefanya na Queen albamu ya The Game. Lakini wapigaji walikuwa wengine: Fred Mandel kwenye kinanda, Paul Vincent kwenye gitaa, Curt Cress kwenye ngoma, Stephan Wissnet kwenye besi.

Ukiwa umezoea Queen ya gitaa la Brian May, utashtuka. Hapa kinanda cha umeme ndicho kinachoongoza, na mdundo ni wa ukumbi wa dansi. Kisha ghafla, kwenye wimbo uliobeba jina la albamu, inaingia okestra nzima, violini na matarumbeta, utadhani umeingia sinema. Mtu huyu alikuwa anafanya kila kitu ambacho kwenye bendi angelazimika kupigiwa kura.

Nyimbo ni 11. Upande A una 5, upande B una 6, na kila upande unakwenda dakika ishirini hivi. Upande A ni wa mapenzi yaliyochangamka, akiwa na I Was Born to Love You, singo iliyofika nafasi ya 11 Uingereza. Upande B ndiko mambo yanakobadilika. Kuna There Must Be More to Life Than This, wimbo ambao Freddie aliwahi kuurekodi na Michael Jackson mwaka 1983, nyumbani kwa Michael huko California. Sauti zao mbili zilikaa kabatini hadi mwaka 2014 zilipotoka kwenye albamu ya Queen Forever. Kwenye santuri hii Freddie anauimba mwenyewe. Unafuata Living on My Own, na jina la wimbo linajieleza.

Video ya wimbo huo ilipigwa Munich kwenye sherehe yake ya kutimiza miaka 39, Septemba 1985. Ukumbi umejaa watu waliovaa mavazi meusi na meupe, wanaume kwa magauni, kila mtu anacheka. Na katikati yao mwenye sherehe anaimba kwamba anaishi peke yake. Nimeiangalia mara nyingi na bado inanichoma. Wangapi tunawajua, wenye meza iliyojaa marafiki, wanaorudi nyumbani kuongea na paka?

Sokoni albamu ilifika nafasi ya 6 Uingereza. Marekani ilikwama nafasi ya 159. Kwa mtu aliyezoea kujaza viwanja, hilo lilikuwa jambo la kumfanya mtu akae chini afikirie.

WIMBO MMOJA, SURA TATU

Sasa tuingie kwenye santuri zenyewe, maana hapa ndipo wanunuzi wengi wanapochanganyikiwa. Unaweza kununua nyimbo za Mr. Bad Guy leo na usisikie kile alichokisikia mtu wa mwaka 1985.

Sura ya kwanza ni ya 1985. Huyo ni Freddie na Mack, mchanganyiko wa sauti walioukubali wao wenyewe, uliotolewa na CBS. Kumbuka Queen walikuwa EMI, kwa hiyo hata kampuni alibadilisha.

Sura ya pili ilikuja baada ya kifo chake. Freddie alifariki London tarehe 24 Novemba 1991. Mwaka 1993 mafundi wa No More Brothers walichukua Living on My Own wakaipigia mdundo mpya wa disko, ikapanda hadi namba 1 Uingereza. Wimbo ule ule ambao mwaka 1985 uliishia nafasi ya 50! Kisha mwaka 1995 Brian, Roger na John wakachukua nyimbo mbili za albamu hii, I Was Born to Love You na Made in Heaven, wakabaki na sauti ya Freddie, wakapiga vyombo vyote upya. Wakaziweka kwenye albamu ya Queen, wakaipa jina Made in Heaven. Yaani vitu alivyokwenda kuvifanya peke yake, wenzake wakavirudisha nyumbani.

Sura ya tatu ni ya 2019. Tarehe 11 Oktoba mwaka huo Mr. Bad Guy ilitolewa tena, ndani ya kasha la Never Boring na pia kama santuri peke yake. Usidhani walisafisha kelele tu. Justin Shirley-Smith na Joshua Macrae, watu waliofanya kazi na Queen kwa miaka mingi, walirudi kwenye kanda za awali, zile ambazo kila chombo na kila sauti iko kwenye njia yake, wakachanganya kila kitu upya. Ngoma zimesogea, kinanda kimepunguzwa ukali, sauti ya Freddie imekuja mbele.

Ipi nzuri? Kwa masikio yangu, ya 2019 ni safi na tamu zaidi. Ukiwa mgeni wa albamu hii, utaipenda haraka. Ya 1985 ina ubaridi fulani, ngoma zinagonga kama mlango wa bati. Lakini ndivyo alivyoiacha mwenyewe. Kwenye ile ya zamani namsikia mtu aliyekuwa chini ya hoteli mjini Munich, mbali na wenzake, akiamua mwenyewe. Kwenye hizo nyingine nawasikia watu wanaompenda wakimtengenezea kola. Zote ni mapenzi, ila si kitu kimoja.

ILIVYOINGIA KWETU

Santuri hii nilimnunulia mume wangu kwa siku yake ya kuzaliwa. Yeye ndiye mwenye pleya, aliirithi kwa baba yake pamoja na santuri za dansi za zamani. Ya kwanza niliagiza kwa mtu wa Ulaya aliyeandika kwamba ni toleo la kwanza, hali safi kabisa. Ilipofika, upande B ulikuwa na mkwaruzo mrefu kama njia ya panya, na sindano ilikuwa inaruka kila ikifika Living on My Own. Nikadai, nikarudishiwa nusu ya hela. Ya pili niliuliza maswali kumi kabla ya kulipa. Hiyo ndiyo tuliyonayo.

Kati ya santuri ya kwanza na ya pili, mume wangu aliniambia amepata mkataba wa miaka miwili Dodoma. Si kwamba alifukuzwa kazi Dar. Alitaka. Alisema ni kazi ambayo kwa mara ya kwanza hataripoti kwa mtu, na kwamba ataenda peke yake kwanza, mimi na mtoto tubaki kwa sababu ya shule na kazi yangu hapa.

Habari zikafika kwa ukoo kabla sijamaliza kuzimeza. Wifi yangu akanipigia: "Wifi, mimi ni dada yake lakini nakwambia ukweli. Mwanaume akianza kutafuta chumba chake, ujue kuna kitu." Mama yangu akasema nifunge mizigo tumfuate wote. Shoga yangu akasema nikague simu. Kila mtu alikuwa na ushauri, na wote walikuwa wameshaandika mwisho wa filamu.

Siku ya kuzaliwa ikafika, akafungua zawadi. Akaweka upande A, akakaa chini na jalada mkononi kama watu wa zamani. Alipofika kwenye zile shukrani kwa wenzake wa Queen alicheka mpaka akakohoa. Akanisomea. Kisha akanyamaza, akasema, "Mke wangu, hiki ndicho ninachokuomba."

Nikamjibu, "Sawa. Lakini Freddie wiki ile albamu inatoka alikuwa jukwaani na wenzake. Wewe jukwaani kwetu utakuwepo lini?"

Tukaongea hadi upande A ukaisha, tukageuza, tukaongea hadi upande B ukaisha. Ukweli ni kwamba simu zilikuwa mbali kwa sababu santuri inakulazimisha ukae karibu uigeuze. Tukakubaliana kila Ijumaa ya pili anapanda treni ya SGR kurudi Dar, na karo ya shule inalipwa kabla ya kodi ya chumba chake. Tukaandika kwenye daftari, nyote mnacheka lakini tuliandika.

Sasa ni mwezi wa saba. Ijumaa mbili hajatokea, na tuligombana. Nyingine zote ametokea. Sikuahidi kukuletea hadithi ya asali, mpenzi msomaji. Ninachoweza kusema ni kwamba huwa anarudi na habari nyingi kuliko alipokuwa anarudi kila jioni.

KABLA HUJATOA HELA YAKO

Umevutika? Haya, chukua kalamu. Haya ndiyo niliyoyajifunza kwa kuuliza mafundi na kwa kuumia mfuko.

1. Tazama namba. Toleo la kwanza la Uingereza lina namba CBS 86312 kwenye mgongo wa jalada na kwenye lebo ya katikati. Lakini namba hiyo hiyo ilitumika kwa santuri zilizochapwa kwingine Ulaya, kwa sababu CBS ilikuwa na kiwanda kikubwa pia Uholanzi. Soma lebo imeandikwa imetengenezwa wapi. Muuzaji akikwambia "ya Uingereza", mwambie akupigie picha ya lebo.

2. Ya Marekani haina jina la CBS. Huko ilitoka chini ya Columbia, kampuni ile ile, namba FC 40071. Uingereza jina la Columbia lilikuwa mali ya EMI, ndiyo maana wakatumia CBS. Ya Japani utaitambua kwa utepe wa karatasi uliozungushwa kwenye jalada. Utepe ukiwepo bei hupanda, ukikosekana ishuke.

3. Chunguza sehemu tupu karibu na lebo, baada ya wimbo wa mwisho. Utaona namba zimekwaruzwa kwenye plastiki yenyewe. Hizo zinaonyesha santuri ilitoka kwenye ukataji upi. Jalada linaweza kubadilishwa na mjanja, lakini namba hizo haziwezi.

4. Omba isikilizwe wimbo wa mwisho wa kila upande. Santuri huzunguka kwa kasi ile ile, lakini kadiri sindano inavyokaribia katikati, mduara unakuwa mdogo na sauti inabanwa kwenye nafasi ndogo. Hapo ndipo uchakavu unaposikika kwanza. Kwenye albamu hii ni Your Kind of Lover upande A, na Love Me Like There's No Tomorrow upande B. Zikiwa safi hizo, nyingine huwa nzuri.

5. Usidanganywe na neno "adimu". Albamu iliyofika nafasi ya 6 iliuzwa kwa watu wengi, na nakala za 1985 zipo bado. Yangu niliipata kwa pauni 18, ingawa gharama ya posta ilikaribia hapo hapo. Lipia hali yake, usilipie sifa.

6. Kwa hali yetu ya hewa, zisimamishe wima kama vitabu. Ukizilaza moja juu ya nyingine kwenye joto la Dar zitapinda. Zifute vumbi kwa brashi laini kabla ya kuweka sindano. Na zile pleya za bei rahisi zenye sindano nzito, ziogope, maana zinalima mifereji ya santuri kama jembe.

IPI YA KUMPA MWENZAKO?

Kama mwenzako hajawahi kuisikia, mnunulie ya 2019. Ni mpya, haina mikwaruzo, na atampenda Freddie bila kuvumilia ngoma za miaka ya themanini. Kama ni mpenzi wa Queen wa siku nyingi, mtafutie ya 1985, kwa sababu ni hiyo tu itakayompa kitu ambacho hana. Na kama mfuko unaruhusu, weka zote mbili, halafu ongeza Made in Heaven ya Queen ya 1995. Kaeni jioni moja msikilize I Was Born to Love You mara tatu: Freddie peke yake, Freddie akiwa na wenzake, Freddie aliyepambwa upya. Kila mmoja aseme ipi anaipenda na kwa nini. Mume wangu anapenda ile ya 1995, yenye gitaa la Brian. Mimi nimebaki na ya 1985. Ni ajabu, aliyetaka kuondoka anapenda bendi, na niliyebaki nampenda mtu aliye peke yake.

Na siku mwenzako akikuomba nafasi ya kutoka kidogo akafanye jambo lake, usikimbilie kukagua simu. Msikilize hadi upande B uishe. Kisha muulize tarehe ya kurudi jukwaani, na uiandike.